Dokumentari za kugusa moyo kwa usiku wa muvi nyumbani: maswali mnayoniuliza kila siku

Kwetu Tanga Jumamosi usiku ni usiku wa muvi, na kwa miaka kadhaa sasa kila baada ya wiki mbili tunaweka dokumentari badala ya muvi za kawaida. Tunakaa sebuleni watu sita, Bibi (mama mkwe wangu) juu ya kochi, sisi wawili pembeni yake na watoto watatu kwenye mkeka, wa mwisho ana miaka sita, wa kati kumi na moja, mkubwa anaingia kumi na sita. Mashoga zangu, majirani na mawifi wananiuliza maswali yaleyale kila mara, basi nimeyaweka yote sehemu moja. Pale nitakapoongea sana mnivumilie, haya mambo nayapenda kwa kweli.

## Kwa anayeanza

Dokumentari ni nini hasa? Si ndo zile muvi zinazoandika mwanzoni "kisa cha kweli"?

Hapana, na hapo ndo wengi wanapochanganya. Queen of Katwe ya 2016 ni kisa cha kweli, Phiona Mutesi yupo na chess alicheza kweli, lakini unayemuona ni muigizaji, na mama yake pale ni Lupita Nyong'o. Kwenye dokumentari unamuona mwenyewe, nyumba yake, jiko lake, watu wake, na akilia ni yeye analia.

Mfano mzuri ni A Small Act ya 2010. Kuna Mkenya anaitwa Chris Mburu, utotoni alisomeshwa na mwanamke wa Sweden ambaye hawajawahi kuonana, akafika Harvard, akawa mwanasheria wa haki za binadamu Umoja wa Mataifa, akaanzisha mfuko wa kusomesha watoto na kuupa jina la yule mama, Hilde Back. Alafu akamtafuta. Kumbe yule mama ni Myahudi aliyekimbia Ujerumani akiwa binti mdogo, na wazazi wake waliishia kwenye kambi za Wanazi. Sasa wakati anashuka kijijini na watu wanamuimbia, ule uso wake hakuna muigizaji anauweza. Redioni na kwenye TV utasikia wanaziita makala au filamu za makala, ni kitu kilekile.

Watoto si watachoka? Wangu wamezoea katuni na muvi za Kihindi.

Wanachokichoka watoto ni sauti ya mtu asiyeonekana inayoongea dakika tisini juu ya picha za milima. Hata mimi nachoka. Wakipata wa kumfuata, awe mtu au mnyama, wanamfuata vizuri tu, sababu muvi ya Kihindi nayo si ndo hivyohivyo, unampenda mtu alafu unaogopa kitakachompata. Kwahiyo mi swali langu la kwanza kabla sijachagua ni hili, humu tunamfuata nani? Nikishindwa kumtaja kwa sentensi moja, naiacha.

Na zianze fupi. Usimkalishe mtoto wa miaka saba saa mbili siku ya kwanza alafu useme hapendi.

"Kugusa moyo" maana yake lazima tulie?

Si lazima kabisa. Wifi yangu mmoja alidhani nikisema filamu inagusa nasema ina maiti, vita na watoto wenye njaa. Zile zinaumiza, na kuna wakati inabidi tuzione, ila Jumamosi usiku na mtoto wa miaka sita kwenye mkeka sio wakati wake.

Kwangu inayogusa ni ile ambayo asubuhi yake mtu bado anamtaja yule mtu wa jana kama anamjua. Kinshasa Symphony ya 2010 haina kifo cha kukuliza, ni watu wa Kinshasa, fundi umeme, kinyozi, wauza vitu sokoni, wanafanya kazi mchana alafu jioni wanajifunza Beethoven, umeme unakatika katikati ya wimbo na wanaendelea kupiga gizani. Bibi alisema "hawa Mungu awape" na akaendelea kuisema wiki nzima.

Basi tuanze na ipi?

The Elephant Whisperers. Kama dakika 40, ipo Netflix, ilishinda Oscar 2023 upande wa dokumentari fupi. Ni mume na mke kule Tamil Nadu kusini mwa India, Bomman na Bellie, watu wa msituni, wanalea ndama wa tembo aliyepoteza mama anaitwa Raghu. Wanamuogesha, wanamlisha kwa mkono, wanamgombeza kama mtoto wa kuzaa. Baadae anakuja ndama mwingine wa kike, Ammu.

Kuna huzuni, Bellie alishafiwa na mume wa kwanza na binti yake, na kuna sehemu Raghu anapelekwa kwa mlezi mwingine, pale nyumba nzima ilinyamaza. Lakini inaisha mtu unapumua. Watu wote ninaowaambia waanze na hii wamerudi kuuliza ya pili.

## Kuchagua kulingana na waliokaa sebuleni

Nitajuaje kama inafaa umri wa wanangu?

Uiangalie mwenyewe kwanza, yote, mpaka mwisho. Najua muda hakuna, mi nafanya Alhamisi watoto wakilala, kwa simu na earphone. Trela haitoshi, trela ya dokumentari inatengenezwa ili utake kuiona, haikwambii dakika ya 50 kuna nini.

Alama za umri zinasaidia kidogo. Bodi ya Kenya ya kupanga filamu kwa umri, KFCB, ina GE ya watu wote, PG ya mtoto akiwa na mzazi, alafu 16 na 18, na Netflix nao wana zao. Ila hizo alama zinahesabu damu, matusi na mambo ya chumbani. Haziwezi kukwambia kama mtoto wako, yeye kama yeye, ataamka usiku. Wangu wa mwisho damu ya simba na swala haimshtui hata kidogo, lakini mama akiachana na mtoto wake stesheni analala na mimi siku tatu. Kwahiyo nikiangalia naandika dakika za sehemu nzito, kama dakika ya 34 mazishi, siku yenyewe ikifika najua lini nimvute mtu karibu na lini nimtume jikoni akalete karanga.

Mnyama akifa je? Mwanangu hawezi.

Hili swali naulizwa kuliko yote, sababu dokumentari za wanyama ndo watu wanazidhania nyepesi, na wanyama wanakufa humo.

My Octopus Teacher ya 2020 ni mfano wenyewe. Craig Foster, mtu wa Afrika Kusini aliyekuwa amechoka na maisha, anaingia baharini kila siku kwenye maji ya baridi karibu na Cape Town, anakutana na pweza jike, na kidogokidogo yule pweza anamzoea mpaka anamshika mkono. Papa mdogo anamkata yule pweza mkono mmoja, unaota upya. Mwisho anataga mayai na anakufa, maana pweza ndivyo alivyo, maisha yake ni kama mwaka tu. Ilipata Oscar 2021. Mimi watoto niliwaambia kabla, "huyu pweza atakufa mwishoni, ila atakufa mama." Walilia lakini hawakushtuka, na hiyo ni tofauti kubwa. Sisi ni watu wa pwani, pweza ni kitoweo na supu ya pweza ipo kila kona, wa kati miezi miwili hakugusa, na sikumlazimisha, nilimwacha akae na anachokifikiria.

The Elephant Queen ya 2019 (Apple TV, zamani Apple TV+) inamfuata tembo jike kiongozi Kenya, anaitwa Athena, akiongoza familia yake kutafuta maji kwenye ukame. Sehemu kubwa ni burudani, kuna vyura, kobe na mende wa kinyesi, wadogo wanacheka sana, ila ukame ni ukame na ndama haponi. March of the Penguins ya 2005 nayo yai linaganda kwenye barafu mbele ya macho yenu. Zote nzuri. Waambie kabla, basi.

Mama yangu ni mtu mzima, hapendi vitu vya kizungu. Atakaa?

Atakaa ukimletea enzi zake. When We Were Kings, ile ya Muhammad Ali na George Foreman Kinshasa, pambano la tarehe 30 Oktoba 1974. Filamu yenyewe ilitoka 1996, mikanda ilikaa zaidi ya miaka ishirini. Wazee wanaikumbuka ile siku redioni, wanamkumbuka Mobutu, wanamuona Miriam Makeba jukwaani, wanasikia "Ali boma ye" (Ali, muue) na wenyewe wanaanza kuhadithia, hapo unapunguza sauti na kuwaacha. Baba mdogo wangu aliongea usiku ule kuliko nilivyowahi kumsikia. Nyongeza moja, 1997 ilipopewa Oscar, Ali alikuwa tayari na ugonjwa wa kutetemeka na aliyemsaidia kupanda ngazi za jukwaa ni Foreman, yuleyule aliyepigwa na Ali. Hilo wahadithie mwishoni.

Kwa mtu wa mwambao kuna As Old As My Tongue ya 2006, ya Bi Kidude. Ukimuona na ngoma yake, na ile sauti, na anavyowajibu watu, bibi yeyote wa Tanga, Mombasa au Unguja anahisi anamuona shangazi yake. Ujue tu anavuta sigara waziwazi na mambo ya unyago yanatajwa, kama kwenu hayo yanaongelewa chumbani tu basi iwe ya watu wazima kwanza.

Kuna za kwetu, zenye Kiswahili?

Zipo na ndo ningependa watu waziulizie zaidi. The Letter ya 2019, ya Maia Lekow na Christopher King, ni Kiswahili na Kigiriama. Kijana anatoka Mombasa kurudi kijijini kusikia kwanini bibi yake anaitwa mchawi, na taratibu unagundua nyuma ya hayo maneno ya uchawi kuna shamba. Kenya waliipeleka kuwawakilisha kwenye Oscar. Hakuna kelele humo, ni familia tu inakaa na kusemana, na hiyo ndo inauma maana kila mtu anazijua hizo familia. Kuanzia miaka 13 hivi naona sawa. (Kama dini au miiko ya nyumbani inakupa wasiwasi, nimeiongelea chini kwenye maswali magumu.)

Thank You for the Rain ya 2017 ni ya mkulima wa Kitui, Kisilu Musya, ambaye alipewa kamera akajirekodi mwenyewe miaka kadhaa, ukame, mafuriko, paa kuchukuliwa na upepo, mpaka anafika Paris 2015 kwenye mkutano wa tabianchi. Kikamba kingi humo, lakini mke wake anavyomtazama akifunga begi hakuhitaji tafsiri. New Moon ya 2018 ni Lamu, ya Philippa Ndisi-Herrmann, alienda kurekodi ujenzi wa bandari akaishia kusilimu, ni ya polepole mno, watu wazima tu ndo watakaa nayo. Na Softie nimeiweka kwenye swali linalofuata.

Kijana wa miaka 15, 16 anakaa na simu muda wote. Nimuwekee nini?

Usimuwekee tembo. Muwekee mtu anayegombana na kitu.

Softie ya 2020, ya Sam Soko, inamfuata Boniface Mwangi, mpiga picha wa Nairobi aliyegeuka mwanaharakati akagombea ubunge 2017. Kuna mabomu ya machozi na picha za fujo za baada ya uchaguzi wa 2007, kwahiyo wadogo walale kwanza. Lakini kiini chake ni ndoa. Vitisho vinafika nyumbani, mke wake Njeri anaondoka na watoto kwenda Marekani, na swali linabaki mezani, nchi kwanza au familia kwanza? Mkubwa wangu na baba yake walibishana mpaka saa saba usiku. Mi niliwaacha nikaenda kulala na furaha.

Kwa anayependa muziki ni Searching for Sugar Man ya 2012, ya mwanamuziki wa Detroit, Rodriguez, aliyeuza kiduchu kwao lakini Afrika Kusini akawa maarufu sana bila mwenyewe kujua. Zaidi ya hapo sisemi na nyie msitafute jina lake kabla, mtajiharibia. Kwa anayekimbia shuleni kuna Kipchoge: The Last Milestone ya 2021, kuhusu ile marathoni aliyoikimbia Vienna kwa 1:59:40 mwaka 2019. Na Benda Bilili! ya 2010, wanamuziki wa Kinshasa waliopooza kwa polio wanatembelea baiskeli za magurudumu matatu, pamoja na kijana wa mtaani aliyetengeneza gitaa la waya mmoja kwa kopo la maziwa. Hii ya mwisho inaenda na umri wote kuanzia kumi hivi.

Nichague zilizoshinda tuzo?

Tuzo inakwambia imetengenezwa vizuri, haikwambii kwamba ni ya sebuleni kwako. Virunga ya 2014, ya hifadhi ya Kongo mashariki, iliingia kwenye wateule wa Oscar na ina sehemu tamu ajabu za mlezi na masokwe yatima, watu wakaona ni ya wanyama, wakaita watoto, kumbe nusu yake ni waasi wa M23 na milio ya risasi. Darwin's Nightmare ya 2004, ile ya sangara wa Mwanza, nayo iliteuliwa na nisingemuwekea mtoto. Tuzo ikuongoze kuijua filamu ipo. Kuichagua rudi kwenye swali la umri hapo juu.

## Lugha, bando na umeme

Nyingi ni Kiingereza na Bibi hasomi maandishi ya chini. Tunafanyaje?

Fanya kama mabanda ya video. Sisi tuliokulia huko tunamkumbuka Lufufu anavyoieleza muvi nzima kwa Kiswahili, na Kenya wana DJ Afro mpaka leo. Nyumbani kwetu mtafsiri ni mkubwa, nampa filamu siku moja kabla aiangalie, alafu siku yenyewe anakaa karibu na Bibi na anaeleza kwa sauti ya chini. Sio kila neno. "Anasema amemkumbuka mama yake", inatosha. Na tangu awe mtafsiri simu haishiki, kwahiyo hili ni jibu la pili la swali la kijana.

Mkiwa hamna mtafsiri chagua zenye maneno machache. Ile ya tembo wa India Bibi aliielewa yote, na Kitamil hajui.

Zinapatikana wapi? Na bando je?

Netflix wana ya pweza, ya tembo wa India na Virunga, hizo ni zao. Bure kabisa ni YouTube, chaneli ya DW Documentary na ile ya Al Jazeera English, tafuta vipindi vyao vya Witness, vingi ni vifupi na vingi ni vya Afrika. Za kwetu kama The Letter na Softie zinahamahama, angalia kurasa za watengenezaji wenyewe, na ukisikia zinaonyeshwa ZIFF, lile tamasha la filamu kule Ngome Kongwe Zanzibar, au kwenye vituo vya utamaduni nendeni wote. Kwenye vibanda vya kujaziwa flashi dokumentari ni chache, na mi hizi naona bora nilipie, wanaozitengeneza wengi wamekopa.

Bando, Netflix kwa HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa, sasa filamu ya saa moja na nusu ipigie hesabu. Pakua mapema kwa ubora wa chini kwenye wifi ya kazini au bando la usiku.

Lazima projekta?

Hapana. Sisi tulianza na laptop juu ya stuli. Hela ikipatikana nunua spika kwanza, kwenye dokumentari watu wanaongea kwa sauti ya chini na usiposikia hupati kitu. Na nunua umeme mapema, LUKU ikikata dakika ya 80 hamna atakayewasamehe.

## Usiku wenyewe

Mtu akianza kulia tufanye nini? Tusimamishe?

Usisimamishe na usiwashe taa. Ukiwasha taa umemuanika. Msogelee, mpe kanga ajifute, mkae. Mtoto mdogo mbebe, muulize sikioni kama anataka kutoka, akisema hapana muamini. Nyumbani kwetu sheria ni moja, hakuna kumcheka anayelia, hasa watoto wa kiume, maana wao ndo wanaambiwa kila siku "mwanaume halii", na nilishamuona baba watoto akijifanya anaenda kufunga mlango wa uani mara tatu kwenye filamu moja.

Tukimaliza tuongee au tukalale?

Msikimbilie kuuliza "mmejifunza nini", hiyo ni shule. Acheni majina yapite, mimineni chai, mtu ataanza mwenyewe. Asipoanza mtu nauliza swali dogo la kitu kilichoonekana, kama "hivi yule mke wa Kisilu alikuwa na hasira au woga?" Hapo kila mtu ana jibu. Na wakinyamaza kabisa waache walale, kuna filamu mtoto anaiongelea Jumatano akiwa anaosha vyombo.

## Maswali magumu

Kila kinachoonyeshwa ni kweli?

Watu ni wa kweli, mpangilio ni wa aliyekaa kuhariri. Amerekodi masaa mia anakuonyesha moja na nusu, hapo ameshaamua mengi. Searching for Sugar Man kwa mfano ilinyamaza kuhusu Australia, ambako Rodriguez alikuwa na mashabiki na alifanya ziara 1979 na 1981, sababu kisa kinanoga zaidi ukidhani alisahaulika kila mahali. Bado naipenda, ila watoto niliwaambia baadae, na mkubwa alikasirika akasema tumedanganywa. Tukaongea sana kuhusu kudanganya na kuacha kusema.

Darwin's Nightmare ilipofika kwetu Rais Kikwete mwenyewe aliilaumu hadharani 2006 kwamba imeichafua nchi. Vijana wakubwa waione wakiwa na mtu wa Mwanza sebuleni, wamuulize yeye.

Nyingi zimetengenezwa na wazungu kuhusu sisi. Inafaa kweli kuwawekea watoto?

Hili linanigusa sana. Chukua Serengeti Shall Not Die ya 1959, ya Bernhard Grzimek na mwanae Michael. Ndege yao ilipakwa mistari ya punda milia, walikuwa wanahesabu wanyama, na Januari 1959 Michael akaanguka nayo akafa, kazi haijaisha. Kaburi lake lipo ukingoni mwa Ngorongoro, baba yake nae akaja kuzikwa palepale. Kama kisa cha baba na mwana inakuvunja moyo. Lakini Wamasai wanavyoongelewa humo ni kama wamevamia ardhi yao wenyewe. Mi niliiweka, na ilipofika sehemu hizo nilisimamisha na kusema wazi, hapa mnasikia mtu wa enzi ya ukoloni anaongea. Kuificha nisingependa, kuiacha ipite kimya ndo mbaya zaidi.

Angalia nani ana kamera na nani anapewa nafasi ya kuongea. Kisilu alishika kamera mwenyewe. The Letter, watengenezaji wanaishi hapohapo Kenya na familia inaongea lugha yake. Mtoto akiona hizo kwanza, zile nyingine anazipima mwenyewe.

Nyumbani kuna mfiwa. Tuahirishe?

Muulize yeye. Kuna wanaotaka kukaa na watu hata kama hawaangalii. Ila usichague ya kifo ukidhani unamliwaza, na hata ile ya tembo mkumbuke Bellie kafiwa na binti. Kinshasa Symphony ndo chaguo langu hapo.

Tuna ndugu au jirani aliyekimbia vita. Tuangalie nini?

Hapa nilikosea na sijasahau. Tulimkaribisha jirani kutoka Kongo mashariki, nikaona Virunga ni ya kwao, atafurahi kuona milima ya kwao. Alifurahi kweli na kutuonyesha kwa kidole, "pale, pale", alafu risasi zilipoanza akanyanyuka kimya akatoka nje. Mume wangu alimfuata wakakaa barazani mpaka usiku wa manane. Hakulaumu mtu. Tangu siku ile mgeni namwambia filamu ina nini kabla hajaketi.

War/Dance ya 2007, ya watoto wa kambi ya Patongo kaskazini mwa Uganda wanaojiandaa na mashindano ya muziki Kampala, ni nzuri sana na ngoma zake zinakunyanyua kwenye kiti, lakini watoto wanasimulia kwa mdomo wao walichofanyiwa wazazi wao. Kuanzia 15, na asiwepo mtu ambaye kidonda chake bado kibichi.

Dini au miiko yetu hairuhusu vitu fulani. Nachujaje?

Kwa kuangalia kabla, hakuna njia nyingine. The Letter inaongelea uchawi, na humo mtasikia dini ikitajwa na watu wa pande zote mbili, sio filamu ya waganga. Kwetu ni Waislamu na tuliiangalia, Bibi alisema neno moja tu, "wazee wanauawa kwa ajili ya minazi." Jane, ile ya Jane Goodall na sokwe wa Gombe, nayo ina sokwe wakizaliana kama sokwe. Usipotaka maelezo sogeza mbele.

Hao watu wako wapi sasa? Wanangu kila tukimaliza wanauliza.

Wajibuni ukweli. Bi Kidude alifariki Aprili 2013, Zanzibar yote ilimzika. Ali 2016, Rodriguez 2023, Foreman Machi 2025. Jane Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na alikuwa bado safarini anahutubia watu.

Tuliposikia habari yake tukaiweka tena Jane, ile ya 2017 iliyotengenezwa kwa picha za zamani alizopiga Hugo van Lawick kule Gombe, Kigoma, zaidi ya masaa mia yaliyokuwa yamepotea. Mara ya kwanza wa mwisho alikuwa mdogo alilala katikati. Safari hii alikaa mpaka pale sokwe wanapougua polio, nikamvuta karibu, na palipoonyeshwa yule binti na darubini yake anapanda kilima peke yake akaniuliza, "huyu anajua kama atakuwa bibi?" Bibi ndo alimjibu, maana mi nilishindwa. Alimwambia hapana mjukuu wangu, hakuna anayejua, sogea huku juu.